Mfuko Mtupu kwa Mfuko Mzima

Sogezeni viti karibu na kitanda, wanangu, na mwenye kutaka kulia akiweke kilio chake kando kwanza, kwa sababu sauti niliyobaki nayo ni ndogo na sina nguvu ya kushindana na mtu. Wewe kitinda mimba, toa simu yako mfukoni, iwashe irekodi, uiweke hapa kwenye mto karibu na mdomo wangu, maana sitaki kesho mtu aje aseme mama alikuwa anaweweseka. Daktari aliyetoka hapa asubuhi hii hakusema kitu, alinigusa bega tu akafunga mkoba wake, na mimi niliyefanya kazi hospitali miaka thelathini na moja najua daktari asiyesema kitu amesema nini. Mkwe wangu, usisimame hapo mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita. Ingia ndani, baba. Leo wewe una haki ya kiti kuliko wote waliomo humu, na nikishamaliza utajua ni kwa nini.

Mnadhani nimewaita niwagawie mali. Sawa, tuanze na hilo liishe. Nyumba hii ndogo nilimolala ni ya binti yangu na mumewe, na asije mtu akawabishia. Gari bovu lililoko nyuma ni la kifungua mimba, kwa sababu ndiye peke yake anayeamini litawaka tena. Vitabu vya baba yenu na saa yake ni vya kitinda mimba. Lakini lile ghorofa la kupangisha, ambalo nyinyi mnaliita urithi na majirani wanaliita ghorofa la mama wa mashuka, hilo simpi mtu yeyote, na nawaomba msiligombanie, kwa sababu hilo ghorofa linaanguka. Nimesema linaanguka. Sijui kama ni leo, sijui kama ni wiki ijayo, lakini ninavyoongea hapa kuna watu kumi na tisa ndani yake, na wengine saa hizi wanaosha vyombo.

Kaa chini, kifungua mimba. Usiniambie habari za nyufa za kawaida, kila nyumba ina nyufa, hayo maneno nimeyasema mimi kwa miaka saba kwa mdomo huu huu, nikimwambia kila mpangaji aliyeninyooshea kidole ukutani. Jumanne mliponiokota kwenye ngazi mlidhani nimekwenda kufuata kodi na presha ikanishika. Sikwenda kufuata kodi. Nilikwenda kuangalia kioo.

Nyuma ya ngazi, pale chini penye mita za umeme, kuna ufa kwenye nguzo. Kila mwaka namwita fundi rangi anauziba na kuupaka, na ukienda na macho yako huwezi kuuona. Huyo fundi rangi siku moja alichoka na mimi, akaniambia, mama, kabla sijaziba tena, bandika kipande cha kioo juu ya ufa kwa gundi kali, ukienda ukakikuta kizima ulale, ukikikuta kimekatika ujue ukuta unatembea. Nikabandika. Kioo cha kwanza kilikaa miaka miwili, nikalala vizuri miaka miwili. Cha pili kilikaa miezi minane. Cha tatu mwezi. Jumatatu hii iliyopita nilibandika kipya kabla ya chakula cha mchana, na Jumanne asubuhi nilikikuta vipande viwili, na kati ya kipande na kipande kinapita kidole changu kidogo. Hapo ndipo miguu ilipokataa, wanangu, si presha.

Nataka mjue ilikuwaje, si kwa sababu hadithi yangu ni tamu, ila kwa sababu mkitoka hapa mtataka kumtafuta mkandarasi na kumnyonga, na nisingependa muanze na mtu wa pili kabla ya wa kwanza. Wa kwanza ni mimi.

Mnakumbuka nilipostaafu. Kazi yangu ilikuwa stoo ya mashuka, na sheria ya stoo ilikuwa moja tu, tena niliitunga mwenyewe baada ya kuona wodi zinavyoiba: hutoki na shuka safi bila kuniletea shuka chafu. Awe nesi, awe daktari bingwa, alete shuka chafu mkononi ndiyo nimpe safi. Kwa sheria hiyo sikupotelewa na shuka moja. Walinipa cheti, kile pale ukutani, na kichwa kilinivimba, msinikatalie. Nilitoka hospitali nikiamini hakuna mwizi chini ya jua anayeweza kunipita mimi.

Basi nikanunua kile kiwanja, nikachorewa ramani ya nyumba ya sakafu mbili, chini na juu, vyumba vinane, na nikamtafuta mkandarasi. Wote mlimjua, mlikuwa mnamwita Usijali, kwa sababu kila unachomuuliza jibu lake lilikuwa hilo. Mchanga una udongo? Usijali, mama. Mvua inakuja? Usijali. Alikuwa na mdomo mtamu, na aliniita mama kuliko nyinyi mlivyoniita mwaka ule, na nilipougua goti aliniletea dawa ya kuchua. Nisiwadanganye, nilimpenda. Mkataba wetu ulikuwa karatasi moja ya daftari, nusu yake ni salamu. Haukusema zege lichanganywe kwa kipimo gani, haukusema nani atalipima, haukusema kazi mbovu itabomolewa kwa gharama ya nani. Ulisema atanijengea nyumba nzuri. Na mimi niliyekuwa nakataa kumpa daktari bingwa shuka safi bila chafu mkononi, nikaweka sahihi yangu pale chini.

Lakini kwenye saruji nilisema hapana, hapa siibiwi. Nilijenga kibanda cha mabati pale saiti, nikaweka kufuli, ufunguo nikaufunga kwenye kitambaa cha kichwa, na nikatangaza sheria yangu ya zamani mbele ya mafundi wote. Mfuko mtupu kwa mfuko mzima. Ukitaka mfuko wa saruji niletee mtupu wa jana, nikiuona mtupu najua saruji imeingia kwenye zege, nakupa mwingine. Mafundi walitazamana. Usijali akacheka, akasema mama huyu hatari, na mimi nikafurahi kuitwa hatari.

Mnajua walichofanya? Ng'ambo ya barabara shule ilikuwa inajengewa madarasa, na mifuko mitupu ilikuwa inapeperuka huko kama karatasi. Walikuwa wanakwenda kuiokota. Wananiletea mifuko ya shule, mimi naipanga, naihesabu, natia alama kwenye daftari, nawapa mifuko yangu mizima, na mifuko yangu mizima inapita juu ya ukuta wa nyuma kwenda kwa mtu mwingine. Kwenye nguzo zangu uliingia mchanga na kokoto na maji, na saruji ya kutia rangi tu. Kila jioni nilikuwa nafunga daftari langu na hesabu imetimia, najiona nimewaweza.

Nipeni maji. Kidogo tu. Basi.

Kulikuwa na injinia. Hili ndilo linaloninyima usingizi, kwamba kulikuwa na injinia. Binti mdogo, mwembamba, viatu vyake vikubwa kuliko yeye, nilimpata kwa sababu mama yake alikuwa nesi wodi ya watoto. Alikuwa anakuja kila wiki. Siku moja alishika nyundo, akagonga nguzo mbili za chini, ile ya nyuma ya ngazi na mwenzake, akasugua kwa kidole gumba, na vumbi likamwagika. Akaniambia, mama, hizi mbili zibomolewe leo, na nyingine tuzipime kabla hamjapandisha chochote. Mimi nikamletea daftari. Nikamfungulia ukurasa kwa ukurasa, nikamwambia tazama, binti, hakuna mfuko hata mmoja uliopotea humu. Akalisoma, tena akalisoma kwa adabu, akanirudishia, akasema, "Mama, daftari lako halina kosa. Nguzo ndizo zina kosa."

Wanangu, mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nilikasirika. Niliona mtoto wa juzi ananiambia mbele ya vibarua kwamba nimeibiwa, mimi mwenye cheti. Usijali akanikonyeza, akasema hawa watoto wa vitabuni hawajawahi hata kubeba karai, na vibarua wakacheka, na mimi nikacheka nao. Siku hiyo hiyo nilimwambia yule binti asirudi. Hakugomba. Aliniandikia barua, aya tatu, kwamba nguzo hazifai na yeye amejitoa, na barua hiyo imo ndani ya mfuko wa mto huu niliolalia. Kitinda mimba, usiitoe sasa, utaitoa nikinyamaza.

Na kama hiyo haitoshi, nikaongeza sakafu mbili. Jirani wa mbele alikuwa amefika nne, na mimi nikaona nyumba yangu ya sakafu mbili imekuwa banda la kuku. Nikamwuliza Usijali, msingi utabeba? Mnajua alichosema. Ramani mpya haikuchorwa, ofisi ya ujenzi haikuambiwa, tulipandisha tu, na nilipokuwa nasimama kule juu kabisa nikitazama mapaa ya watu nilijisikia nimefika. Mkija kujenga, na mtajenga, kwa sababu mtu haachi kutamani nyumba, mkumbuke mama yenu alivyosimama kule juu. Mjenzi asiwe ndiye anayekuambia kwamba amejenga vizuri. Mtafute mtu wa kupima ambaye halipwi na mjenzi na haogopi kununiwa, na siku akikwambia bomoa, lia, halafu bomoa. Na msimame pale zege linapochanganywa, mtazame kinachoingia, msitazame kinachotupwa. Mimi nilikuwa nimekaa kivulini na takataka zao.

Nilijua lini? Hilo ndilo swali mnaloogopa kuniuliza, naliona machoni mwenu. Nilijua kabla wapangaji wa juu hawajaingia. Nyinyi wawili, binti yangu na mumeo, mlikuwa mmeshahamia chini, mmepaka chumba rangi ya samawati, mnasubiri mtoto. Fundi bomba alikuwa anapitisha mfereji karibu na ngazi, akapiga tindo kwenye nguzo mara moja, likazama. Aliniita. Aliingiza kidole kwenye lile tundu, akakizungusha, akakitoa na mchanga, akaniwekea mchanga ule kwenye kiganja changu. Kisha akakusanya vifaa vyake na hakurudi hata kudai ujira wake.

Nilikwenda kwa Usijali mbio mbio, viatu mkononi. Hakukana. Aliketi, akavua kofia, akanieleza habari ya mifuko ya shule, akasema vijana walianza wenyewe, yeye alijua kazi imefika katikati, na akaona aibu kuniambia kwa sababu nilikuwa naringia ile sheria yangu sana. Akasema, "Mama, wewe hukuniuliza hata siku moja naweka saruji kiasi gani. Ulikuwa unaniuliza mifuko mitupu iko wapi." Halafu akaniambia nusu ya mji imesimama hivyo hivyo, majengo yana tabia ya kuzoea, tutie lipu nzito. Usijali. Na mimi, wanangu, nilikwenda pale nikiwa na kichaa cha kumrarua, nikarudi nyumbani nimetulia. Hilo ndilo kosa langu lililo kubwa kuliko yote. Nilitaka kuambiwa nisijali, na yeye akaniambia.

Lakini sikutulia sana, la sivyo nisingefanya lile.

Mkwe wangu. Baba. Sogea nikuone. Unakumbuka pampu ya maji iliyopotea. Unakumbuka nilivyosimama uani, mbele ya wapangaji na mbele ya mke wako mwenye tumbo, nikasema mwizi wa pampu ni wewe, na kwamba nyumba yangu hailazi mwizi, na jua lisizame mkiwa ndani ya ghorofa langu. Ulilia. Mwanamume mzima ulilia, ukasema mama mimi sijachukua, na mimi nikakupa kisogo. Miaka saba hujala kwangu. Miaka saba binti yangu anakuja hapa anakaa dakika kumi na mkoba begani. Inama utazame chini ya kitanda hiki. Si umeona? Imefungwa kwa shuka la hospitali. Niliifungua mimi mwenyewe kwa spana kabla hamjaamka, nikaibeba kwa goti hili bovu, kwa sababu nilihitaji ugomvi ambao hauna suluhu. Nilitaka mtoke mle ndani na nisiwaambie kwa nini. Ningewaambia, mngeniuliza na wengine je.

Basi sasa mnaniuliza na wengine je.

Wiki ile ile, chumba chenu, na rangi yenu ya samawati ukutani, nilimpa mwalimu. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kazi kwenye hiyo shule ya ng'ambo, ana mimba, na alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa kumpunguzia kodi. Nilimpunguzia, ndiyo. Nilijiona nimefanya wema. Akajifungua pacha, na pacha wale sasa wana miaka sita na wananiita bibi, na wanashindana nani afungue geti nikifika. Mlango wa chumba chao haufungi vizuri. Mwaka huu mwalimu amenilalamikia mara tatu, na mara tatu nimempeleka seremala akauranda, na seremala mara ya mwisho akasema, mama, mlango hauna tatizo, ni fremu inakaa upande. Nikamwambia arande tu. Damu yangu niliitoa mle ndani, damu ya mwenzangu nikaiweka pale pale palipobaki joto la kitanda chenu. Nimeisema. Sikuwahi kuisema hata kwa Mungu, nilikuwa nampigia chenga.

Msiniambie nyamaza. Kitinda mimba, hata wewe umo, ingawa hukujua. Ada iliyokufikisha chuo ilitoka kwenye vyumba vile, kila mwezi, na kila nilipotaka kusema, ada ilikuwa inadaiwa, na ilipoisha ada paa la hapa likavuja, na lilipozibwa paa nikaogopa jela, na nilipozoea kuogopa jela nikaugua. Sababu hazikuniishia hata siku moja. Sikulaumu, mwanangu, nakuonyesha tu njia niliyopita ili usije ukaipita.

Na wewe, kifungua mimba. Nakujua. Tangu nilipotaja kioo unafikiria Ijumaa. Umepata mnunuzi, amelipenda ghorofa, anakuja Ijumaa na mwanasheria wake, na hujamwonyesha nyuma ya ngazi kwa sababu hata wewe ulikuwa hujui. Sasa unajua. Nasikia jinsi unavyopumua, unajiambia tukimaliza Ijumaa litakuwa lake, ataligundua mwenyewe, ana pesa kuliko sisi. Mwanangu, mimi nimeishi ndani ya hesabu hiyo miaka saba, tazama imeniacha na sura gani. Ukiliuza Ijumaa, kila jengo litakalotajwa redioni utasimama uzime jiko usikilize limetajwa lipi. Utakuwa unaamka kabla ya jogoo kwenda kuangalia nyumba ya mtu mwingine kwa mbali, kama mwizi. Na hutakuwa na wa kumwambia, kwa sababu mkeo atakuuliza na pacha je. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu, nilikuwa nakuamuru tu, na leo nakuomba kama mtoto. Usiliuze. Mpigie sasa hivi huyo mtu. Mpigie nikiwa nasikia.

... Asante. Asante, baba yangu. Hata kama amekutukana, asante.

Pumzi inakuja na kukatika. Nitasema mafupi, mnishike vizuri.

Msingoje nife. Mkingoja nife mtakaa matanga, watu watakuja, viti vitapangwa, na ghorofa halitasubiri matanga yenu. Muende leo, muende kutoka hapa. Kifungua mimba, wewe una sauti, anza sakafu ya juu kabisa ushuke nayo chini, mlango kwa mlango, usiseme kuna ukarabati, usiseme mtapisha mafundi kwa siku mbili, sema nyumba inaanguka, mama yangu alijua, tokeni. Wakikutukana, ni haki yao. Wakitaka kubeba makabati, wakataze, wabebe watoto na dawa na karatasi zao. Wapitishe ngazi mmoja mmoja, wasikimbie kwa kishindo. Mkwe wangu, najua sina uso wa kukuomba, lakini una mikono na wanaume wa pale chini wanakuheshimu, hata nilipokuita mwizi hawakuamini. Kata umeme. Simama nje uzuie mtu yeyote asirudi ndani kufuata redio.

Kitinda mimba, hiyo simu ipeleke ofisi ya ujenzi ya jiji, na barua ya yule binti, uwaambie wasikie wote, wasikate hata neno. Kisha umtafute yule injinia. Ofisi yake iko juu ya duka la dawa karibu na mahakama, nimepita pale mara nyingi nikaishia ngazi ya kwanza. Mwambie mama wa mashuka amesema alikuwa na haki. Mwambie aje aseme libomolewe vipi lisiue mtu. Nyinyi libomoeni, hata lile lipu msilionee huruma. Kiwanja kikibaki kitupu, kiuzeni kama kiwanja, na kitakachopatikana wapewe wapangaji kwanza, maana wamelala mle miaka saba na kunilipa kwa kulala ndani ya kaburi. Nyinyi mkikosa, mkose. Nimewazaa na mikono miwili kila mmoja.

Usijali mkimkuta, msimpige. Mwiteni naye aje kubeba. Ana mabega mazuri yule.

Mkwe wangu, nisamehe. Usijibu sasa. Nenda nayo, ukiona inafaa utanijibu kwenye udongo. Binti yangu, nisamehe kwa miaka saba ya mkoba begani. Mungu awape... hapana, ngojeni, siwabariki mkiwa mmekaa. Baraka yangu nawapa mkiwa mnatoka. Mungu awatangulie kwenye ngazi zile. Mungu azishike zile nguzo kwa saa mbili, saa mbili tu, simwombi zaidi, maana mimi ndiye niliyezijenga hivyo. Awape watoto wenu nyumba zisizo na siri. Tokeni sasa.

Mkono wa nani huu? Ni wewe, binti yangu. Niachie. Najua huwezi kumwacha mama yako afe peke yake, nami naogopa, sitakuficha, naogopa sana, mdomo wangu umekuwa wa baridi. Lakini mimi nilikutoa wewe nikawaacha wale. Usikae na mimi ukawaacha tena. Wale pacha wamo ndani, shule zimefungwa, na hawamjui kaka yako, akiwapigia kelele watajificha chini ya kitanda, mimi nawajua, wanajificha hapo wakiogopa. Wanakujua wewe, wamekukuta hapa kwangu mara nyingi. Nenda uwabebe mmoja huku, mmoja huku. Niachie, mama. Fungua vidole. Hivyo.

Acheni mlango wazi. Nataka kusikia mkienda.

Mbona sisikii miguu?

Wanangu. Nani bado amekaa? Ni masikio yangu yameziba au bado mmekaa? Simameni. Simameni, muende... bado ni asubuhi, wamo ndani... simameni...